Kudai mfupa wa Ishango hakutoshi: Wakongomani wapewe njia ya kufika Ishango yenyewe

Kutoka mji wa Butembo hadi Ishango, kwa mstari ulionyooka, hakufiki kilomita 60. Kutoka Butembo hadi Brussels ni zaidi ya kilomita 6,000. Hata hivyo, mwalimu wa hesabu wa Butembo akitaka kuona kwa macho yake kitu mashuhuri kuliko vyote vilivyowahi kufukuliwa katika ardhi ya Kivu ya Kaskazini, safari ile ndefu ndiyo atakayoifunga. Atatafuta pasipoti, atalipa euro 90 za visa ya Schengen bila hakika ya kuipata, atanunua tikiti ya ndege, na mwishowe atasimama mbele ya kioo katika makumbusho ya sayansi asilia ya Brussels. Nyuma ya kioo hicho atakuta mfupa wa rangi ya kahawia, urefu wake sentimeta 10 hivi.

Huo ndio mfupa wa Ishango. Ulifukuliwa mwaka wa 1950 na mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin de Braucourt, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, ndani ya mbuga iliyoitwa wakati huo Parc Albert na ambayo leo ni Virunga. Umechongwa mikato midogo midogo iliyopangwa katika safu 3. Safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Ukijumlisha, kila moja inatoa 60. Safu ya tatu ina makundi 8 ya mikato, jumla yake 48. Kwenye ncha moja ya mfupa kumepachikwa kipande kidogo cha jiwe gumu.

Wataalamu hawajakubaliana juu ya maana yake. De Heinzelin aliona humo kazi ya mtu aliyejua kuchezea namba, kwa sababu 11, 13, 17 na 19 ni namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Mtafiti wa Marekani Alexander Marshack yeye aliona kalenda ya kufuatilia mwezi. Wengine wanasema pengine mikato ilisaidia tu mkono kushika vizuri. Hata umri wake ulibadilika: kwanza ulikadiriwa kuwa miaka 10,000 hivi, kisha vipimo vya baadaye vikaupeleka zaidi ya miaka 20,000.

Jina la Ishango linapotajwa, iwe redioni au katika mikutano ya vijana, mazungumzo huishia mahali pamoja: Ubelgiji irudishe mfupa. Dai hilo ni la haki. Mfupa uliondolewa nchini wakati Mkongomani hakuwa na sauti juu ya ardhi yake mwenyewe, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Lakini dai hilo limefunika swali la pili, ambalo halihitaji kibali cha Brussels. Ni lini mtu wa Beni, wa Goma, wa Kisangani au wa Kinshasa ataweza kufunga safari, afike Ishango, asimame juu ya kingo za Semliki, aonyeshwe mahali mfupa ulipotoka, kisha arudi nyumbani salama?

Swali hilo la pili ni zito kuliko la kwanza. Mfupa unaweza kurudi kwa ndege moja, kwa sherehe moja na hotuba mbili. Mahali hapasafirishwi. Pasipotunzwa hapa, hakuna makumbusho ya Ulaya yatakayopatunza.

Wanafunzi wanaijua Misri, hawaijui Semliki

Muulize mwanafunzi wa sekondari, awe wa Bukavu au wa Bunia, juu ya mambo ya kale ya Afrika. Atataja Piramidi za Misri, na huenda akazichora ubaoni. Si vibaya: Piramidi ni za Afrika na zinastahili heshima. Lakini Piramidi kubwa ya Giza ina umri wa miaka kama 4,500. Watu wa Ishango walikuwa wakivua samaki, wakichonga mifupa na kupanga mikato yao miaka mingi sana kabla ya jiwe la kwanza la Giza kuwekwa.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu wa jiografia angeweza kulieleza kwa dakika 5. Maji yanayopita Ishango yanafuata Semliki hadi ziwa Albert, kutoka huko yanaingia Nile Nyeupe, na mwisho wa safari yanapita Cairo, karibu na Piramidi zenyewe. Mtoto wa Kyavinyonge anayechota maji ziwani anachota maji yaleyale ambayo yangeishia Misri. Habari ya namna hii mtoto akiipata akiwa amesimama ukingoni mwa mto, hataisahau hata akizeeka. Akiipata kwa kunakili ubaoni, itapotea pamoja na daftari.

Na Ishango haiko peke yake. Kilomita chache kutoka hapo, kwenye Semliki hiyohiyo, kuna Katanda. Huko timu ya John Yellen na Alison Brooks ilipata vyusa vya mfupa vyenye meno, silaha za kuvulia samaki wakubwa. Mwaka wa 1995 watafiti hao walitangaza katika jarida la Science kwamba umri wake ni kati ya miaka 80,000 na 90,000 hivi. Wapo wanaobisha umri huo, na ubishi ni sehemu ya sayansi. Lakini habari hizo zilienda mbali: zilionyesha kwamba ufundi wa hali ya juu haukungoja kuzaliwa Ulaya. Katika vyuo vikuu vya Marekani jina la Katanda linafundishwa. Katika wilaya ya Beni, watu wangapi wanajua kwamba ni jirani yao?

Kaskazini zaidi, katika Ituri, kuna mlima Hoyo na mapango yake. Katika pango la Matupi, mwanaakiolojia Francis Van Noten alichimba miaka ya 1970 na kukuta vifaa vidogo vya mawe ambavyo umri wake ulikadiriwa kufika miaka 40,000. Wazee wa Bunia na Komanda wanakumbuka nyakati ambapo wasafiri walikuwa wakienda mlima Hoyo kuona mapango na maporomoko ya maji. Leo kijana wa Komanda anausikia mlima huo zaidi katika habari za makundi yenye silaha.

Urithi wa dunia bila binadamu

RDC ina maeneo 5 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO: Virunga tangu 1979, Garamba na Kahuzi-Biega tangu 1980, Salonga tangu 1984, na hifadhi ya okapi tangu 1996. Yote 5 yaliandikwa kwa sababu ya asili: volkeno, misitu, sokwe, bonobo, okapi. Hakuna hata moja lililoandikwa kwa ajili ya kazi ya mikono ya binadamu. Rumba ya Kongo iliingia mwaka wa 2021, lakini hiyo iko katika orodha nyingine, ile ya urithi usioshikika.

Mtu wa nje akiisoma orodha hiyo, atadhani Kongo ni nchi ya wanyama na miti, ambayo watu waliingia juzi. Hata Virunga yenyewe, ambamo Ishango na Katanda zimo, imeandikwa kama mali ya asili tu. Mbuga inayobeba alama za wavuvi wa miaka maelfu na maelfu inatajwa kana kwamba haikuwahi kukaliwa.

Jambo hili lina uzito katika maisha ya leo. Mbuga ilianzishwa mwaka wa 1925 kwa amri ya wakoloni, na tangu wakati huo hakujakosekana mvutano kati yake na wakaaji wanaoizunguka: mipaka, mashamba, kuni, mkaa, uvuvi katika ziwa Edward. Mvuvi wa Kyavinyonge au wa Vitshumbi amezoea kusikia kwamba mbuga ni ya wanyama na kwamba yeye ni mtu wa kuvumiliwa. Upande wa pili, walinzi wa mbuga wamelipa kwa damu. Zaidi ya 200 wameuawa katika historia ya Virunga, wengi wao vijana wa vijiji hivyohivyo.

Ishango ingeweza kuwa mahali pa kuanzia mazungumzo mengine. Inaonyesha kwamba mvuvi na ziwa wamejuana tangu zamani sana. Haifuti sheria ya uvuvi wala haitoi ruhusa ya kumaliza samaki wachanga. Lakini mtu anayeambiwa “linda mahali hapa kwa sababu wazee wa kale walivua hapa kabla yako” husikia neno tofauti na anayeambiwa “ondoka, hapa ni pa viboko”. Kama vijana wa Kyavinyonge wangefunzwa kuwa viongozi wa wageni Ishango, mbuga ingepata walinzi ambao haiwalipi mshahara wa silaha.

Sanga, makaburi yanayosema juu ya shaba

Kuna atakayeuliza, na ana haki ya kuuliza: watu wa Beni wanachinjwa tangu 2014, Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, familia zinalala chini ya maturubai, na mtu anazungumza juu ya mifupa na mapango?

Jibu la kwanza ni kwamba hakuna anayesema wanafunzi wapakiwe leo kwenye lori kuelekea Ishango. Barabara ambayo mama wa sokoni anaiogopa, mtoto wa shule hapaswi kuipita kwa ajili ya masomo. Usalama ndio mwanzo wa kila kitu. Jibu la pili ni kwamba Kongo ni kubwa kuliko vita vyake, na sehemu nyingine za historia yake ziko mahali ambapo risasi hazisikiki. Huko nako Mkongomani hafiki, na hapo vita haviwezi kusingiziwa.

Mfano mzuri ni Sanga, kwenye ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, jimbo la Haut-Lomami. Huko Jacques Nenquin alichimba mwaka wa 1957, Jean Hiernaux akafuata 1958, na Pierre de Maret akarudi katika miaka ya 1970. Walifukua makaburi zaidi ya 100, mengi yakiwa ya watu walioishi kati ya karne ya 8 na ya 14. Wafu walizikwa na vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi, mashoka ya heshima, bangili na mikufu ya shaba. Katika makaburi ya baadaye kulikutwa misalaba midogo ya shaba, ambayo wataalamu wanaiona kama fedha ya wakati ule.

Shaba hiyo haikutoka Upemba. Ilitoka kusini, katika ukanda uleule ambao leo una miji ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Katika baadhi ya makaburi kulikutwa pia kauri, zile simbi za Bahari ya Hindi, ishara kwamba bidhaa zilipita mkono kwa mkono kutoka pwani ya mashariki hadi katikati ya bara. Kwa maneno mengine, miaka 1,000 iliyopita wahunzi na wachuuzi wa huku walijua kuchimba, kuyeyusha, kupima na kuuza, kabla ya kampuni yoyote ya kigeni kuweka bango lake Katanga.

Kijana anayechimba kwa mikono Kolwezi akiyajua hayo, hatapata pesa zaidi siku hiyo. Lakini hataendelea kuamini kwamba shaba ilianza kuwa na thamani siku Wazungu walipofika. Na mbunge wake akiyajua hayo, huenda akaongea kwa sauti nyingine mkataba wa migodi unapoletwa mbele yake.

Kufika Sanga kunahitaji moyo. Reli ya kutoka Lubumbashi ilifika Bukama mwaka wa 1918, na mpaka leo Bukama ni mahali ambapo msafiri anaacha reli na kuingia mtumbwi kushuka Lualaba kuelekea Kikondja na Malemba-Nkulu. Treni inakuja inapotaka. Mtumbwi unajaa mpaka maji yanakaribia ukingo. Njiani kuna vizuizi, na kila kizuizi kina swali lake. Mfanyabiashara wa samaki ana jibu. Mtu anayekwenda msibani ana jibu. Lakini anayesema “ninakwenda kuangalia mahali pa makaburi ya kale” anatazamwa mara mbili. Ataulizwa karatasi ya misheni. Atashukiwa kwamba anatafuta madini. Mwisho atatoa kitu kidogo ili apite.

Hapo ndipo shida ilipo kwa Wakongomani wengi. Si kweli kwamba hawapendi kusafiri. Wanasafiri kwenda harusi, misiba, mikutano ya sala. Wanafika Kampala, Dubai na Guangzhou kutafuta bidhaa. Lakini kutembelea mahali pa kale katika nchi yao wenyewe kunaonekana kuwa kazi ya Mzungu mwenye kofia na kamera. Serikali nayo imezoea kuhesabu mtalii kama mgeni mwenye dola. Mkongomani mwenye franka zake chache, anayetaka kumwonyesha mwanawe alikotoka, hayumo katika hesabu.

Jirani amefanyaje

RDC iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022. Katika jumuiya hiyo, Tanzania ina somo ambalo halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka wa 1978 na timu ya Mary Leakey, zina umri wa miaka milioni 3.6. Ni alama za miguu katika majivu ya volkeno. Mvua na mizizi ya miti vingezimaliza. Wataalamu walizifukia tena ili zisiharibike. Na kwa kuwa mgeni hawezi kuziona, nakala yake imewekwa katika makumbusho ya Oldupai, mahali ambapo wanafunzi na wasafiri wanafika. Fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Oldupai mwaka wa 1959, linahifadhiwa Dar es Salaam, mikononi mwa Watanzania wenyewe.

Upande wa magharibi, Angola iliipigania Mbanza Kongo, mji mkuu wa ufalme wa Kongo, na mwaka wa 2017 ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Ufalme huo haukuujua mpaka wa leo. Ng'ambo ya mpaka, katika Kongo ya Kati, kuna milima ya chokaa ya Lovo, yenye mapango na kuta zilizochorwa. Mtafiti Geoffroy Heimlich ameitembelea na kuiandika kwa miaka mingi. Ni historia ileile. Upande mmoja una cheti na wageni, upande mwingine unangoja, na mawe ya chokaa yana wateja wengine wanaoyataka kwa ajili ya saruji. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na ukuta uliochorwa na wazee wa kale ukilipuliwa, hakuna wa kuujenga tena.

Kurudisha bila kutembelea

Historia ya karibuni inatoa onyo. Mwaka wa 1973 Rais Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kudai mali za sanaa zilizopelekwa Ulaya zirudishwe. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilitoa vitu 114 kutoka makumbusho ya Tervuren. Kisha zikaja vurugu za miaka ya 1990. Baadhi ya mali za makumbusho ya Kinshasa ziliibwa, na nyingine zikaonekana baadaye katika masoko ya sanaa ya nje.

Wapo Wabelgiji wanaopenda kuikumbusha habari hiyo ili wasirudishe chochote. Hoja yao haina nguvu: mwizi akiingia nyumbani kwa jirani, hiyo si ruhusa ya kubaki na mali yake. Tena, tangu 2019 Kinshasa ina makumbusho mapya ya taifa, yaliyojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini, na mwezi wa Juni 2022 Mfalme Philippe alikuja kukabidhi humo kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na muda. Kwamba kitu cha Kongo kinarudi Kongo kwa jina la mkopo, hilo peke yake linastahili mjadala mwingine.

Lakini Wakongomani nao wana somo lao katika vitu vile 114. Kitu kinachokaa katika ghala ambalo raia haingii, kinaweza kutoka usiku bila mtu kujua. Kitu ambacho watoto wa shule 50 wanakuja kukiona kila Alhamisi, kikikosekana Ijumaa mji mzima utajua. Kufuli na askari vinahitajika, lakini wageni wa mara kwa mara ni walinzi pia. Na neno hili linafaa kwa makaburi ya Sanga, kwa kuta za Lovo na kwa kingo za Semliki sawasawa na linavyofaa kwa makumbusho.

Mambo ambayo hayangoji amani yote

Kuna kazi zinazoweza kuanza mwaka huu, kwa pesa ndogo kuliko gharama ya ujumbe mmoja wa wakubwa kwenda Ulaya.

Ya kwanza ni nakala. Mfupa wa sentimeta 10 unanakilika kwa urahisi. Kila chuo kikuu cha Butembo, Beni, Goma na Bunia, na kila shule kubwa ya sekondari, ingeweza kuwa na nakala ya mfupa wa Ishango juu ya meza ya mwalimu wa hesabu. Mtoto aishike, ahesabu mikato mwenyewe, abishane na wenzake kama ni kalenda au ni hesabu. Nakala haichukui nafasi ya dai la kurudishiwa mfupa wenyewe. Inalitia nguvu, kwa sababu atakayeudai kesho ni yule aliyeuzoea tangu utotoni.

Ya pili ni safari za masomo kuelekea mahali panapofikika leo. Makumbusho ya Lubumbashi, yaliyoanzishwa mwaka wa 1946, yana vitu vya kale vya Katanga. Mwanafunzi wa Likasi au wa Kipushi anaweza kwenda na kurudi siku ileile. Makumbusho ya taifa yako Kinshasa, mji wenye shule maelfu. Inatosha wizara ya elimu iandike katika programu kwamba kila darasa la mwisho la msingi lifike mara moja katika makumbusho au mahali pa kale palipo karibu nalo, na bei ya kuingia iwe ile ambayo mzazi wa kawaida anaweza kuitoa.

Ya tatu ni kuwapa kazi wakaaji wenyewe. Sanga na Lovo hazihitaji hoteli ya nyota 5. Zinahitaji bango linalosema hapa ni wapi na palifanyika nini, mtunzaji anayelipwa kwa wakati, vijana 2 au 3 waliofundishwa kueleza, na nyumba safi ya wageni ambayo pesa yake inabaki kijijini. Mgeni njoo, mwenyeji apone: msemo huu unafaa pia mgeni akiwa Mkongomani kutoka jimbo jirani.

Ya nne ni sheria. Nchi ina sheria ya kulinda mali za utamaduni tangu 1971. Ni ya kabla ya simu za mkononi, kabla ya mashine kubwa za migodi kuzagaa kama leo, kabla ya masoko ya intaneti. Wabunge waipitie upya, na kibali chochote cha machimbo kisitolewe katika eneo la mambo ya kale kabla wataalamu wa Kongo hawajalikagua.

Ya tano inahusu Virunga. Siku mipango ya kuijenga upya sehemu ya kaskazini ya mbuga itakapowekwa mezani, Ishango na Katanda zisiwe mistari miwili katika kurasa za sokwe na volkeno. Ziwe na sehemu yake: njia, kituo kidogo cha maelezo, na vijana wa ziwani kama wenyeji. Na serikali ianze kuandaa faili ya kuziombea nafasi katika orodha ya urithi wa dunia kama kazi ya binadamu. Faili ya namna hiyo huchukua miaka. Ikingoja amani ndipo ianze, itachelewa miaka mingine tena.

Mfupa utarudi wapi?

Siku moja, kwa mazungumzo au kwa mahakama, mfupa wa Ishango utapakiwa katika sanduku na kuletwa Kongo. Tangu 2022 Ubelgiji ina sheria inayofungua njia ya kurudisha mali zilizochukuliwa wakati wa ukoloni, na vijana wa Kongo wataendelea kuikumbusha. Siku hiyo kutakuwa na zulia jekundu, ngoma na wakubwa katika mstari wa mbele.

Swali litakalobaki kesho yake ni mfupa unakwenda wapi, na nani atakwenda kuuona. Ukifungiwa Kinshasa, mwalimu yule wa Butembo atakuwa amepunguziwa safari tu. Bado atahitaji ndege. Ukikuta Ishango bila njia, bila bango na bila mtu wa kueleza, utakuwa umerudi katika nchi yake bila kurudi nyumbani kwake.

Wale waliochonga mikato ile hawakuacha majina yao. Walichoacha ni mfupa mmoja ulioko Ulaya, na kingo za mto ambazo bado ziko Kongo. Kwa mfupa, Kinshasa inapaswa kuongea na Brussels. Kwa kingo za mto, inapaswa kuongea na Beni, na Kyavinyonge, na mwalimu wa Butembo anayengoja siku atakapowapanga wanafunzi wake barabarani asubuhi, awahesabu, awapeleke Ishango, na jioni awarejeshe kwa wazazi wao wakiwa hesabu ileile.